Ndege wa Umma, Majani ya Mkulima: Kuelewa Ardhi za Kuwinda Fezanti na Tombo Marekani

Ramani ya uwindaji ya South Dakota au Kansas ina rangi nyingi kama duka la kanga. Kuna vipande vya kijani, vya bluu, vya manjano, vingine vya mistari ya mshazari, na katikati yake weupe mpana wa mashamba ya watu. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huuliza swali moja tu: hapa ni pa umma au pa mtu? Swali hilo halitoshi, kwa sababu lina maswali matatu ndani yake. Ndege ni wa nani? Nani anaruhusiwa kuingia? Na nani anaamua majani yatakuwa na urefu gani ifikapo Novemba? Anayeyachanganya atalipa pesa mahali pasipo na ndege, au atapita kando ya shamba lililojaa ndege akidhani haliingiliki.

Wawindaji wa kule wakisema "ndege wa nchi kavu" wanamaanisha ndege wa jamii ya kuku wanaoishi kwenye nyasi, vichaka na misitu michanga, tofauti na bata wa majini. Mashuhuri kuliko wote ni fezanti, ambaye jogoo wake ana mkia mrefu na pete nyeupe shingoni. Si mwenyeji. Alipandikizwa Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880 kutoka China, na South Dakota ilifungua msimu wake wa kwanza mwaka 1919. Wenyeji ni tombo wa bobwaiti, grausi wa nyika na grausi wa misituni. Kwale wa kijivu naye ni mgeni, kutoka Ulaya.

Swali la kwanza ndilo jepesi. Nchini Marekani mnyamapori ni wa umma, na jimbo ndilo linalomsimamia kwa niaba ya wananchi. Jogoo wa fezanti anayekula mahindi ya mkulima si wa mkulima. Kwa msomaji wa Tanzania hili si geni, kwani sheria ya 2009 ya uhifadhi wa wanyamapori inasimama juu ya msingi huohuo: mnyama ni mali ya umma hata akiwa anang'oa mihogo shambani kwako. Uingereza ni kinyume chake, kwa kuwa haki ya kuwinda inafuata ardhi. Ndiyo maana Marekani leseni, idadi ya ndege wa porini kwa siku na tarehe za msimu wao kwa kawaida ni zilezile, uwe kwenye mbuga ya serikali au uani kwa tajiri. Mwenye ardhi haruhusiwi kukuuzia jogoo wa porini. Anachouza ni ruhusa ya kukanyaga udongo wake.

Udongo nao una historia. Sehemu kubwa ya Marekani iliyo magharibi ya Ohio ilipimwa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, kila mraba ekari 640. Robo yake, ekari 160, ndiyo iliyogawiwa familia chini ya sheria ya makazi ya 1862, na hadi leo mkulima wa kule anahesabu shamba lake kwa "robo". Kwenye majimbo ya tambarare ardhi nzuri karibu yote iligawiwa. Kansas, kwa mfano, karibu asilimia 98 ni ya watu binafsi, na Texas inazidi asilimia 95. Kilichobaki mikononi mwa serikali ni ardhi iliyokuwa kavu mno, ya mawe mno au ya maji mno kulimika, au ile ambayo serikali iliirudisha baadaye.

Ardhi ya serikali, kwa hiyo, si kitu kimoja. Idara ya Usimamizi wa Ardhi, BLM, ina takriban ekari milioni 245, nyingi zikiwa jangwa la vichaka vya Nevada, Idaho na Montana, ambako mtu anaweza kutembea siku nzima akifuata kwale wa miambani bila kukuta uzio. Idara ya Misitu ina takriban milioni 193. Ndani ya hizo kuna mbuga za nyasi za taifa, 20 kwa jumla, nyingi zikitokana na mashamba yaliyonunuliwa kwa wakulima waliofilisika wakati wa ukame na tufani za vumbi za miaka ya 1930. Mbuga ya Fort Pierre, South Dakota, yenye takriban ekari 116,000, inajulikana kwa grausi wa nyika. Hapo hakuna ada ya kuingia. Kuna leseni yako, viatu vyako na ng'ombe wa wafugaji wenye vibali vya malisho, maana usidhani ardhi ya umma haina mifugo.

Aina nyingine ambayo mgeni huipita bila kuitambua ni maeneo ya kuzalishia ndege wa majini, yanayosimamiwa na idara ya wanyamapori ya serikali kuu katika Minnesota na Dakota zote mbili. Yalinunuliwa kwa fedha za stempu ya bata, ambayo wawindaji wamekuwa wakiinunua tangu 1934. Lengo lilikuwa bata, lakini bata hutaga kwenye nyasi za nchi kavu zinazozunguka dimbwi, na fezanti naye hutaga papo hapo. Januari, theluji ikishafunika kila kitu, matete mazito ya madimbwi hayo ndiyo nyumba ya fezanti. Mara nyingi kipande ni robo moja au nusu yake, kimesimama peke yake kati ya mashamba ya soya.

Ngazi ya katikati

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kati ya ardhi ya umma na ardhi iliyofungwa kuna ardhi ya mtu binafsi iliyofunguliwa kwa umma kwa mkataba. Jimbo linamlipa mkulima, mkulima anaruhusu watu waingie kwa miguu, na wewe huhitaji kumpigia simu wala kumbishia hodi. Wazo la kumfidia mkulima kwa ajili ya ndege si jipya. Aldo Leopold, mtaalamu wa uhifadhi wa wanyamapori, na wenzake walilipendekeza katika sera ya wanyama wa kuwindwa ya 1930. Ila utekelezaji mkubwa ulingoja miongo kadhaa.

Kansas ilianza mpango wake, WIHA, mwaka 1995, na leo una zaidi ya ekari milioni moja. South Dakota nayo ina zaidi ya milioni moja katika maeneo yake ya kuingia kwa miguu. North Dakota ina PLOTS, ambayo utaitambua kwa vibao vya pembetatu ya manjano iliyogeuzwa juu chini. Montana ina Block Management, mpango mkubwa kuliko hiyo yote, takriban ekari milioni 7, lakini nao una aina mbili. Aina ya kwanza unajiandikia kibali mwenyewe kwenye sanduku lililo getini: unajaza jina, tarehe na idadi ya watu, unabaki na kipande chako. Aina ya pili lazima upate kibali kwa mwenye shamba au kwa mtu mwingine aliyewekwa, na huenda siku hiyo nafasi zimekwisha. Anayetoka mbali na kudhani kwamba zote ni za sanduku atalala kwenye gari.

Sehemu kubwa ya mashamba hayo ya ngazi ya katikati ina uhusiano na mpango mwingine, CRP, na watu huchanganya hii miwili kila msimu. CRP ni ya serikali kuu. Ilianzishwa na sheria ya kilimo ya 1985, na inamlipa mkulima aache kulima ardhi inayomomonyoka apande nyasi, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. CRP peke yake haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuingia. Shamba linaweza kulipiwa na kodi za wananchi kwa miaka 15 na bado likawa limefungwa kabisa, na hilo ni halali. Ruhusa ya kuingia ni mkataba wa pili, wa jimbo, unaowekwa juu ya ule wa nyasi. Mahali mikataba miwili inapokutana ndipo penye faida kubwa kwa mwindaji asiye na fedha. Mfano mzuri ni mpango wa bonde la mto James huko South Dakota, ambao ulitaka kila ekari inayoingia ifunguliwe kwa umma.

CRP pia inaeleza kwa nini ndege hupungua hata pale ambapo hakuna aliyewinda. Mwaka 2007 ilifika karibu ekari milioni 37 nchi nzima. Bei ya mahindi ikapanda, mikataba ikaisha, nyasi zikalimwa, na sheria ya kilimo ya 2018 iliweka kikomo cha milioni 27 tu kwa mwaka 2023. Fezanti hafi kwa bunduki kwa kiwango kinachohesabika katika jumla yake. Kinachowindwa ni majogoo, na jogoo mmoja anatosha majike kadhaa. Anakufa kwa kukosa mahali pa kutagia mwezi Mei, pa kulelea vifaranga mwezi Julai penye magugu ya majani mapana na wadudu, na pa kujificha na dhoruba ya Januari. Ukosefu wa kimoja kati ya vitatu hivi unatosha kuliacha shamba tupu, hata likiwa limezungushiwa uzio wa dhahabu.

Unanunua nini unapolipa?

Upande wa ardhi iliyofungwa nao una milango kadhaa. Kuna ruhusa ya bure ya kuomba, kuna kukodi haki ya kuwinda kwa msimu mzima, kuna kulipa kwa siku, na kuna mashamba ya kuwindia yenye leseni maalumu, ambako ndege hufugwa na kuachiliwa. Hili la mwisho lisichanganywe na mengine. South Dakota inayaruhusu mashamba hayo kuendesha uwindaji kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Machi, miezi mingi kuliko msimu wa ndege wa porini, kwa sharti kwamba waachilie ndege. Mtu anayelipa pesa nyingi kwa siku tatu hulipia uhakika wa kuona ndege, chakula, mbwa waliofunzwa na mtu wa kuwachuna ndege. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuuziwa ndege wa kufugwa ukidhani ni wa porini. Tazama mkia: wa kufugwa mara nyingi una manyoya yaliyochakaa au kukatika kwa kusugua waya, na ndege mwenyewe huruka chini na karibu, kama aliyeshtushwa usingizini.

Kukodi msimu mzima kunanunua kitu kingine: kutokuwepo kwa watu wengine. Ndege si lazima wawe wengi zaidi ya kwenye ardhi ya wazi. Ila hawajasukumwa. Kwenye ardhi ya umma iliyo karibu na barabara ya lami, fezanti wa Novemba katikati ameshasikia milango ya magari mara 30. Ukifunga mlango kwa kishindo, anaanza kukimbia upande wa pili wa nyasi kabla mbwa hajashuka, na anaruka mita 80 mbele yako. Ndege huyohuyo kwenye shamba la kukodi angengoja hadi mita 15. Kwa mwindaji, hizo mita 65 ndizo zilizouzwa.

Kwa tombo mambo ni tofauti, na hapa ardhi binafsi inashinda waziwazi. Tombo wa bobwaiti anataka udongo wazi chini, magugu juu na vichaka vya kukimbilia, na hali hiyo haidumu bila moto. Mashamba makubwa ya uwindaji kusini mwa Georgia, kuzunguka Thomasville, huchoma misitu yao ya misonobari kwa zamu karibu kila miaka miwili, na yamefanya hivyo kwa vizazi. Ni vigumu kwa ardhi ya umma kuwa na watu, fedha na kibali cha moto kwa kiwango hicho. Grausi wa misituni ni kinyume chake. Anapenda msitu mchanga wa miaka 5 hadi 20 baada ya kukatwa, na misitu ya umma ya Minnesota, Wisconsin na Michigan inayo mingi kwa sababu mbao huvunwa humo. Huko mtu anayelipia ardhi binafsi mara nyingi analipia kitu kilichopo bure ng'ambo ya barabara. Hata misitu binafsi kule huwa wazi: Wisconsin inampunguzia kodi mwenye msitu anayeuacha wazi kwa wanaoingia kwa miguu.

Kwa hiyo anayesema "ardhi binafsi ina ndege wengi" amesema nusu ya jambo. Shamba la soya lililolimwa kutoka uzio hadi uzio ni binafsi na halina hata panzi. Aulizwe ni ndege gani, jimbo gani, na mwezi gani.

Hesabu ya miguu

Chukua robo moja ya WIHA yenye nyasi tupu, ekari 160. Kila upande ni nusu maili, yaani takriban mita 800. Mtu mmoja na mbwa mmoja anayefanya kazi karibu wanafagia upana wa mita 40 hivi. Kulimaliza shamba lote ni mistari 20 ya mita 800, sawa na kilomita 16, na nyasi zinafika kiunoni. Hakuna anayefanya hivyo. Kwa sababu hiyo ardhi ya wazi inataka uteuzi, na uteuzi unafanyika kwenye picha ya satelaiti kabla ya kuondoka nyumbani.

Tafuta mahali nyasi zinapokutana na chakula: mabua ya mtama au mahindi ambayo hayajalimwa. Tafuta pia mahali majani mawili ya aina tofauti yanapogusana, kama nyasi na matete, au nyasi na mstari wa miti ya kuzuia upepo. Anza upande ambao upepo unakupiga usoni ili mbwa anuse. Maliza kwenye kizuizi, kama barabara, shamba lililolimwa likabaki tupu au kona ya uzio, maana fezanti hukimbia hadi mahali maficho yanapoishia, na hapo ndipo anapolazimika kuruka. Anayeanza barabarani na kutembea kuelekea kwenye shamba la mahindi la jirani anawaswaga ndege hadi kwa jirani.

Saa nayo ina uzito. South Dakota hairuhusu kupiga fezanti kabla ya saa nne asubuhi kwa saa za kati. Watu wengi huwinda hadi saa nane mchana na kuondoka. Saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, ndege wanaporudi kutoka kwenye mabua kuja kulala kwenye nyasi, kipande cha umma kilichokuwa na magari sita asubuhi mara nyingi hakina hata moja. Siku za katikati ya wiki ni hivyohivyo. Na kipande ambacho lazima uvuke mfereji wenye maji ya magotini ili ukifikie ni binafsi kwa jina lingine.

Mahali watu wanapokosea

Kosa la kawaida kuliko yote ni ramani ya mwaka jana. Mikataba ya kuingia kwa miguu inaisha, mashamba yanauzwa, na orodha hubadilika kila mwaka. Pakua atlasi mpya ya jimbo na uihifadhi kwenye simu, kwa kuwa mtandao hupotea ukishaiacha barabara kuu. Kisha mbele ya shamba lenyewe, amini kibao. Ramani ikisema wazi na kibao hakipo, ondoka. Tarehe pia husomwa pale, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kufunguliwa Septemba na kingine Novemba.

La pili ni kufika na kukuta nyasi zimekatwa. Katika mwaka wa ukame serikali huruhusu wakulima kukata au kulisha nyasi za CRP kwa dharura, na shamba uliloliona la kijani kibichi kwenye picha ya satelaiti ni kapeti. Hakuna aliyevunja mkataba. Dawa yake ni kuwa na orodha ya vipande 10 pale unapotarajia kuwinda 4, na kuvipitia kwa gari siku moja kabla.

La tatu ni kona. Magharibi, serikali ya karne ya 19 iliyapa makampuni ya reli miraba kwa kuruka mmoja, na ardhi ikabaki kama bao la drafti: mraba wa umma, mraba wa mtu. Miraba miwili ya umma inagusana kwenye kona tu. Je, unaweza kuruka kutoka kona hadi kona bila kukanyaga kwa mtu? Wawindaji wanne kutoka Missouri walifanya hivyo Wyoming kwa ngazi, wakashtakiwa na mwenye ranchi, na mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 10 iliwapa ushindi kwa kutumia sheria ya 1885 inayokataza kuizuia ardhi ya umma kwa uzio. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa Oktoba mwaka huohuo. Lakini kanda hiyo ni Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Montana haimo, na huko usiruke kona kwa kutegemea hukumu ya jirani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya ekari milioni 9.5 za serikali kuu katika magharibi zisizofikika kabisa bila kupita kwa mtu. Ni za umma kwenye karatasi, kwa matumizi ni za jirani anayezizunguka.

La nne ni marisau, zile punje zilizo ndani ya ganda la bunduki. Kwenye maeneo ya kuzalishia ndege wa majini na sehemu kubwa ya ardhi ya umma ya South Dakota, marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku, kwa kuwa bata huyameza na kufa kwa sumu. Kwenye maeneo hayo ya serikali kuu kosa si kupiga tu. Kuwa nayo mfukoni ni kosa tayari. Anayehama kutoka shamba la mtu hadi eneo la umma mchana mmoja hupata faini kwa ajili ya ganda moja lililosahaulika kwenye fulana. Suluhisho rahisi ni kubeba marisau ya chuma peke yake safari nzima. Chuma ni chepesi kuliko risasi, hupoteza nguvu upesi, kwa hiyo panda ukubwa wa punje kwa namba mbili (namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa): mahali ungetumia namba 5 ya risasi, tumia namba 3 ya chuma, na chagua mdomo wa mtutu ulio wazi zaidi kidogo, kwani chuma hakitawanyiki sana. Kisha usipige mbali. Mita 35 ziwe mwisho, kwa sababu jogoo aliyevunjika bawa kwenye matete atakushinda mbio.

Hifadhi ya barabara nayo ina mtego wake. South Dakota inaruhusu kuwinda ndege kama fezanti kwenye hifadhi ya barabara za umma zilizotengenezwa, hata pale ambapo shamba la kando limefungwa. Ni maelfu ya maili ya mitaro yenye nyasi. Ila lazima uwe umbali wa futi 660, karibu mita 200, kutoka nyumba inayokaliwa, kanisa, shule au mifugo, na ndege awe ameruka kutoka kwenye hifadhi yenyewe au awe anapita angani juu yake. Akidondokea kwenye shamba la mtu, South Dakota inakuruhusu kumfuata kwa miguu bila bunduki. Usilihamishe hilo hadi jimbo jingine bila kusoma kanuni zake.

Na kuhusu kimya cha uzio: North Dakota, ardhi isiyo na kibao kwa desturi ya sheria yao iko wazi kwa mwindaji, lakini tangu 2021 mwenye ardhi anaweza "kuweka kibao" kwa kompyuta tu, bila kupigilia chochote kwenye nguzo. Uzio uko kimya, ramani ya jimbo inasema umefungwa, na sheria inafuata ramani. Kansas ni kinyume: ruhusa inahitajika kwenye ardhi ya mtu hata kama hakuna kibao, na nguzo iliyopakwa rangi ya zambarau inadai ruhusa ya maandishi.

Karatasi

Waswahili waliohamia miji kama Fargo, North Dakota, wana neno lao la ziada hapa. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki bunduki ya kuwindia kwa mujibu wa sheria ya serikali kuu. Aliye kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa kushika leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kabla ya leseni kuna cheti cha mafunzo ya uwindaji: Kansas inakidai kwa aliyezaliwa tarehe 1 Julai 1957 au baadaye, North Dakota kwa aliyezaliwa baada ya mwaka 1961. Leseni ya mkaazi ni rahisi kuliko ya mgeni, lakini ukaazi huhesabiwa kwa muda uliokaa jimboni, wala si kwa siku uliyopata nyumba. Asiye mkaazi wa North Dakota pia hawezi kuwinda kwenye PLOTS wala kwenye maeneo ya wanyamapori ya jimbo hilo katika wiki ya kwanza ya msimu wa fezanti.

Ukimpata jogoo, usimkate miguu hadi ufike nyumbani. Askari wa wanyamapori lazima aweze kuona kwamba ni jogoo, kwa kuwa majike hawaruhusiwi, na mguu wenye kucha ya kisiginoni ni ushahidi wa kutosha Kansas na South Dakota. Idadi kwa siku ni majogoo 4 Kansas, 3 South Dakota.

Kubisha hodi

Mlango wa mkulima bado upo, na wengi wanaodai kuwa umefungwa hawakubisha, au walibisha vibaya. Wakati mbaya kuliko yote ni asubuhi ya siku ya ufunguzi ukiwa na magari matatu na mbwa wanaobweka. Oktoba mkulima yuko kwenye mashine ya kuvuna hadi usiku. Nenda Agosti, ukiwa peke yako au na mtoto, bila nguo za mabaka, mbwa akiwa ndani ya gari. Sema unatoka wapi, mtakuwa wangapi, siku gani, na kwamba mtaingia kwa miguu tu. Uliza ng'ombe wako wapi, shamba gani halijavunwa, na gari liegeshwe wapi, kwani kuziba njia ya kuingilia shambani ni kosa linalomfanya mkulima awafungie wote wanaokuja nyuma yako. Geti lirudishe kama ulivyolikuta. Mwishoni mpelekee ndege waliokwisha kuchunwa na kusafishwa. Usimwachie mkulima kazi ya manyoya.

Usimpe pesa bila kuulizwa. Majimbo yote yana sheria zinazompunguzia mwenye ardhi dhima mtu akiumia humo wakati wa burudani ya bure, na mara nyingi akitoza ada ulinzi huo unapungua au kutoweka. Anayekataa noti yako huenda hana kiburi, amewahi kuzungumza na wakili.

Na akikataa Novemba, muulize kama Januari inawezekana. Wengi wamekodisha mashamba yao kwa wawindaji wa paa, na hakuna anayekubali bunduki za ndege zivuruge paa kabla ya msimu wao wa bunduki kwisha, ambao Kansas huangukia mapema Desemba. Fezanti na tombo wa Kansas huwindwa hadi 31 Januari. Katika wiki hizo za mwisho watu wengi wameshaweka bunduki kabatini, theluji imewakusanya ndege kwenye mstari mmoja wa miti, na mkulima yuko mezani na kahawa yake.